Kutengeneza CV ya kibunifu inayosomeka: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

CV nyingi za kibunifu ninazotumiwa nizikague zinaanguka mahali palepale. Mtu amefungua programu ya usanifu, akachagua kiolezo chenye safu mbili na duara la picha, akamimina rangi, kisha ndipo akaanza kutafuta maneno ya kujaza visanduku vilivyobaki. Kwa mbali karatasi inapendeza. Ukiisogelea, huoni mwenye CV anaweza kufanya nini. Na faili hilohilo likipita kwenye mfumo wa kompyuta unaochuja maombi ya kazi, maneno hutoka yamevurugika, au hayatoki kabisa.

Mwongozo huu unageuza utaratibu huo. Maneno yanatangulia, yanafuata mifupa ya ukurasa, halafu ndipo linakuja wazo la kuchora, na wazo lenyewe liwe moja tu. Tenga siku mbili. Ya kwanza ni ya kuandika na kujenga. Ya pili ni ya kukagua, kwa sababu macho yaliyochoka hayaoni kosa.

## Kwanza, je, CV ya namna hii inakufaa?

Inafaa pale ambapo jicho lako ni sehemu ya kazi unayoomba: usanifu wa michoro, masoko na matangazo, upigaji picha, filamu, mitindo, usanifu majengo, uhuishaji, michezo ya kompyuta, uchambuzi wa takwimu, uhariri.

Kwa uhasibu, sheria, udaktari, kazi za serikali na za vyuo vikuu, punguza. Fonti nzuri, rangi moja na nafasi ya kutosha kati ya vipande vinatosha, na hatua ya 3, ya 4 na ya 5 zitakusaidia bila kuweka mchoro wowote kwenye CV. Kama tangazo limetaka ujaze fomu yao au utumie muundo maalumu kama Europass, ule wa CV wa Umoja wa Ulaya, fuata walichotaka. Kupuuza agizo lililoandikwa wazi hakusomeki kama ubunifu.

## Vitu vya kuandaa

- Tangazo la kazi lenyewe, limechapishwa au liko wazi pembeni.
- Programu ya maandishi matupu, kama Notepad au nyingine yoyote isiyo na mapambo.
- Karatasi kadhaa za A4, penseli na rula yenye milimita.
- Programu ya kupangia ukurasa. Scribus, Inkscape na LibreOffice ni za bure. Canva na Figma zinafanya kazi kwenye kivinjari na zina sehemu ya bure. Adobe InDesign ni ya kulipia, na ina udhibiti mzuri zaidi wa maandishi.
- Fonti moja au mbili zenye leseni huria. Lato, Source Sans, Inter na Merriweather zinapatikana bure kwenye Google Fonts.
- Simu, printa yoyote hata ya nyeusi na nyeupe, na mtu mmoja ambaye hajaiona CV yako.

Usinunue kiolezo. Kiolezo kimeumbwa kwa maisha ya mtu asiyekuwepo, mwenye kazi tatu zilizolingana urefu na jina fupi. Yako hayatakaa humo bila kukatwa mahali pasipofaa.

## Hatua ya 1: Andika maneno yote bila usanifu

Fungua programu ya maandishi matupu uandike kila kitu humo: jina, kazi unayofanya, mawasiliano, kazi ulizofanya kuanzia ya karibuni, elimu, ujuzi. Hakuna fonti, hakuna rangi, hakuna mistari. Ukiandika ndani ya kiolezo utaandika kwa kipimo cha kisanduku: palipo na nafasi utajaza maneno matupu, na pasipo na nafasi utakata jambo la maana.

Kila kazi ieleze ulichofanya na kilichobadilika. Linganisha:

*Nilihusika na masuala mbalimbali ya stoo ya vipuri.*

*Nilipanga upya stoo ya vipuri kwa namba za rafu. Kutafuta kipuri kimoja kulishuka kutoka dakika 20 hadi 5.*

Sentensi ya kwanza inaweza kuwa ya mtu yeyote. Ya pili ina kitendo, ina namna, ina kipimo. Ina faida nyingine pia, nayo ndiyo itakayokubeba hatua inayofuata: inaweza kuchorwa. "Masuala mbalimbali" hayachoreki. Kama huna kipimo cha kweli, usibuni. Eleza kitu kilichobaki baada yako, kama ratiba, mwongozo, mfumo wa mafaili au timu uliyoifundisha.

Soma tena tangazo la kazi. Maneno waliyotumia kutaja ujuzi yatumie vilevile, pale tu unapokuwa na ujuzi huo. Wakiandika "uhariri wa video" nawe ukaandika "utayarishaji wa picha jongefu", mfumo wa kuchuja unaotafuta maneno yaleyale unaweza kukupita.

Tahadhari. Acha namba ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa, majina ya wazazi na mtaa unaoishi, isipokuwa vimeombwa waziwazi. CV husambazwa kwa watu usiowajua, na taarifa hizo ndizo wanazotafuta wezi wa utambulisho. Mji na nchi vinatosha.

Utajua umefaulu pale ambapo mtu asiyeijua kazi yako akisoma maandishi hayo matupu anaweza kukuambia kwa sentensi moja unafanya nini na unakifanya vizuri wapi. Asipoweza, usiende mbele. Rangi haitaziba tundu hilo.

## Hatua ya 2: Tafuta wazo moja linalotoka ndani ya kazi yako

Hapa ndipo ubunifu wenyewe ulipo, kwa hiyo usiiharakishe.

Wazo zuri la CV hutoka kwenye vifaa, alama na desturi za kazi unayoifanya, na humsaidia msomaji kuona jambo haraka kuliko angeliona kwa maneno peke yake. Jiulize: nikiliondoa wazo hili, msomaji atapoteza nini? Kama jibu ni "uzuri tu", hilo ni pambo. Kama jibu ni "hataona mara moja kwamba nimekuwa nikipanda cheo ndani ya shirika moja", hilo ni wazo.

Mifano ya mawazo yanayobeba uzito:

*Mchambuzi wa takwimu* anachora mstari wa wakati kwa kipimo cha kweli, ambapo kila mwaka una urefu uleule kwenye karatasi. Msomaji anaona muda kabla hajasoma tarehe.

*Mpiga picha* anaweka ukanda mmoja wa picha ndogo sita pembeni mwa ukurasa, kila moja ikiwa na namba, na namba hiyohiyo inakaa kando ya kazi iliyoizaa picha.

*Mbunifu wa mavazi* anachukua alama za patani, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa: mstari wa vitone wa kukunja, pembetatu ndogo za kulinganisha vipande, mshale wa uelekeo wa kitambaa. Anazitumia kutenganisha sehemu za CV, na pembetatu zinaunganisha ujuzi na kazi ulikotumika.

*Mhariri* anatumia alama za kusahihishia prufu (nakala ya kukagua kabla ya kuchapa) pambizoni. Hapa kuna mtego. Wengi huandika neno lenye kosa na kulipiga mstari kuonyesha namna wanavyosahihisha. Mfumo wa kuchuja hauoni mstari, unaona neno. CV ya mhariri inaingia kwenye kumbukumbu za mwajiri ikiwa imejaa makosa aliyoyaweka mwenyewe. Alama zikae pambizoni peke yake, maandishi yabaki safi.

Na haya yaache:

Mistari ya viwango vya ujuzi, ile inayoonyesha kwamba unajua Photoshop kwa asilimia 80. Asilimia 80 ya nini? Hakuna kipimo nyuma yake. Anayekusoma hawezi kuilinganisha na ya mwombaji mwingine, na ukichora asilimia 60 umejitangaza mwenyewe kuwa hujui. Andika ulichokifanya kwa Photoshop.

Kuiga ukurasa wa kampuni maarufu, kama matokeo ya utafutaji ya Google au skrini ya Netflix. Mtindo huo umefanywa na wengi, unatumia alama ya biashara ya wengine, na msomaji anabaki akiikumbuka Google, si wewe.

Kuandika CV yote kama msimbo wa kompyuta, yenye mabano na nukta mkato kila mstari. Mtu wa kwanza kuisoma mara nyingi ni ofisa wa ajira, si mtengeneza programu, na mabano yanamchelewesha kufika kwenye jina la kazi yako ya mwisho.

Chagua moja. Mawazo mawili mazuri kwenye ukurasa mmoja yanagombana, na anayeumia ni msomaji.

## Hatua ya 3: Chora mifupa kwa penseli

Chukua karatasi na rula kabla ya kugusa kompyuta. Penseli haina vivuli wala rangi za kukuvuta, kwa hiyo unalazimika kushughulika na jambo moja: nini kinaonekana kwanza.

A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Weka pambizo za milimita 20 pande zote. Unabaki na 170 kwa 257. Gawanya upana huo mara mbili: safu nyembamba ya milimita 45 kushoto, mwanya wa milimita 5, na safu kuu ya milimita 120. Safu kuu ya upana huo, kwa herufi za pointi 10.5, inabeba takribani herufi 65 kwa mstari, na mistari yenye herufi 45 hadi 75 ndiyo inayosomwa bila jicho kupotea njia linaporudi mwanzo wa mstari unaofuata.

Kama unaomba kazi Marekani au Kanada, karatasi yao ni ya Letter, milimita 216 kwa 279. Ni pana kidogo na fupi zaidi. CV ya A4 ikichapishwa humo hupunguzwa ukubwa au hukatwa chini, basi tengeneza faili la kipimo chao.

Chora michoro mitatu midogo, kila mmoja ukiweka jina, kazi ya sasa na wazo lako mahali tofauti. Kisha fuata njia ya jicho kwa kidole: jina, unafanya nini, kazi ya karibuni, ushahidi wa kwanza. Mchoro ambao kidole hakirudi nyuma ndio wa kuendelea nao.

Ukurasa mmoja kwa wenye uzoefu wa miaka michache. Miwili kwa wenye zaidi. Wa tatu kwenye CV ya kibunifu ni dalili kwamba hatua ya 1 haijamalizika.

## Hatua ya 4: Fonti

Fonti moja yenye uzito mbalimbali inatosha. Ukitaka mbili, moja iwe ya vichwa na nyingine ya maandishi, na zitofautiane waziwazi. Zinazokaribiana huonekana kama kosa.

Maandishi ya kawaida yawe pointi 10 hadi 11, vichwa vya sehemu 13 au 14, jina 24 hadi 30. Nafasi kati ya mistari iwe mara 1.3 au 1.4 ya ukubwa wa herufi. Ukijikuta unashusha hadi pointi 8 ili kila kitu kienee, kata maneno.

Fonti za mwandiko wa mkono zinaweza kubeba jina, si aya. Na CV ikiwa ya Kiswahili, andika "ng'amua" na "kung'arisha" kwa fonti uliyoichagua uone ritifaa, ile alama ya (') baada ya "ng", inakaaje. Ikiacha mwanya unaokata neno vipande viwili, badilisha fonti.

## Hatua ya 5: Rangi

Chagua rangi moja kuu, pamoja na nyeusi na kijivu. Rangi kuu iwe na kazi maalumu: kwa mfano, kila kilicho na rangi hiyo ni matokeo yenye namba, au ni sehemu ya mstari wa wakati. Ukiipaka pia kwenye vichwa, ikoni na mistari ya kutenganisha, jicho halitajua tena inataka kusema nini.

Pima tofauti ya ung'avu kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake. Kiwango cha kimataifa cha upatikanaji wa kurasa za mtandao, WCAG, kinataka uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu chenye namba #767676 juu ya nyeupe kinapita kwa kubana, kikiwa na 4.54. Kijivu chepesi kuliko hicho, kile kinachopendwa sana kwenye violezo kwa tarehe na maelezo madogo, kinashindwa. Njano juu ya nyeupe haisomeki kabisa. Kuna zana za bure mtandaoni za kupima uwiano huu. Unaingiza namba mbili za rangi, inakupa jibu.

Usitegemee nyekundu na kijani kutofautisha mambo. Wapo wasomaji wengi, hasa wanaume, wasioziona tofauti.

## Hatua ya 6: Jenga wazo kwa vipimo, si kwa kukadiria

Nitachukua ule mstari wa wakati tuujenge hadi mwisho, kwa sababu ndio unaotumika na watu wengi na ndio unaoharibiwa zaidi. Kosa la kawaida ni kuweka vitone vilivyolingana nafasi, kimoja kwa kila kazi. Hapo kazi ya miezi minne na ya miaka mitano zinaonekana sawa, na mchoro unasema uongo.

Tuseme una miaka 8 ya kuonyesha, Januari 2016 hadi Desemba 2023. Kwenye safu ya kushoto tenga urefu wa milimita 160. Gawanya kwa 8: kila mwaka unapata milimita 20, na kila mwezi unapata kama milimita 1.7. Mwaka wa karibuni uwe juu.

Kazi iliyoanza Januari 2017 na kwisha Juni 2019 ilidumu miaka miwili na nusu. Chora ukanda wa milimita 50, upana milimita 3. Mafunzo uliyoyafanya wakati huohuo yanakuwa ukanda wa pili sambamba nao, umbali wa milimita 4 kulia. Msomaji anaona kwamba ulisoma huku ukifanya kazi, na hukulazimika kuandika sentensi ya kujisifu.

Sasa linakuja tatizo. Herufi za pointi 10.5 zenye nafasi ya 1.35 zinachukua milimita 5 kwa mstari mmoja. Kazi ya miezi 6 ina ukanda wa milimita 10, yaani mistari miwili tu ya maandishi pembeni yake, nawe una mistari mitano. Usirefushe ukanda, ukifanya hivyo umevunja kipimo. Acha maandishi ya safu kuu yafuate nafasi yanayoihitaji, kisha uunganishe kila ukanda na kichwa cha kazi yake kwa mstari mwembamba wa nusu pointi, wa kijivu. Mistari hiyo isikatizane. Ikikatizana, mpangilio wa kazi kwenye safu kuu haufuati mpangilio wa ukanda, na dawa yake ni kupanga upya.

Mapengo yataonekana. Mstari wa kipimo hauyafichi, na mimi naona hiyo ni nguvu yake kama pengo lina maelezo mafupi ya heshima: "Malezi, miezi 7" au "Matibabu, nimepona". Kama mapengo ni mengi na hutaki kuyaeleza kwenye karatasi, chagua wazo jingine kabisa. Usichore mstari wa wakati kisha uukunje.

Tahadhari mbili. Tarehe ziandikwe pia kwa maandishi kando ya kila kazi, kwa sababu mfumo wa kuchuja hausomi ukanda. Na maandishi ya safu kuu yajengwe kama kisanduku kimoja kinachoendelea kuanzia juu hadi chini. Ukitengeneza visanduku kumi vilivyotapakaa, programu itavihifadhi kwa mpangilio uliotumia kuviumba, si ule unaoonekana, na maneno yatatoka kwa mpangilio huo.

Utajua umefaulu ukifunika maandishi yote kwa karatasi, ukaacha mchoro peke yake, na rafiki yako akaweza kusema ni kipindi gani ulikaa mahali pamoja muda mrefu zaidi.

## Hatua ya 7: Picha yako, ikoni na msimbo wa QR

Picha ya sura hutegemea unakoomba. Marekani, Uingereza na Kanada waajiri kwa kawaida hawaitaki, kwa hofu ya ubaguzi. Ujerumani bado ni jambo la kawaida ingawa si lazima. Mahali pengine, kama tangazo halikusema, nafasi ya picha ni bora uipe kazi yako. Ukiiweka, picha ya milimita 35 kwa 45 inahitaji pikseli 413 kwa 531 hivi ili ichapike kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi.

Ikoni ya simu au bahasha isichukue nafasi ya maandishi. Ikoni nyingi ni fonti maalumu, na zikinakiliwa hugeuka alama za ajabu mbele ya namba yako. Andika namba na anwani ya barua pepe, basi.

Msimbo wa QR unafaa kama una kazi za kuonyesha mtandaoni. Uwe na upana wa angalau milimita 20, mweusi juu ya nyeupe, na mwanya mtupu kuuzunguka usiopungua upana wa viraba vinne vya msimbo. Tumia msimbo wa kudumu unaobeba anwani yenyewe. Ile inayopitia kampuni ya kati inaweza kuzimwa usipolipia. Andika anwani hiyo pembeni pia, kwa sababu mtu anayesoma CV kwenye simu hawezi kuipiga picha simu yake mwenyewe.

## Hatua ya 8: Toa PDF iliyo hai

Hifadhi kama PDF yenye maandishi yanayochagulika na fonti zilizopachikwa ndani. Ukigeuza herufi kuwa michoro, au ukatoa ukurasa kama picha ya JPG na kuiingiza kwenye PDF, binadamu ataona CV nzuri na mashine itaona ukurasa mtupu.

Faili lisizidi megabaiti 2. Likizidi, karibu kila mara tatizo ni picha kubwa mno. Ipunguze kabla ya kuiingiza. Jina la faili liwe jina lako na kazi unayoomba. Anayepokea maombi ana mafaili mengi yanayoitwa "CV mpya ya mwisho".

## Hatua ya 9: Majaribio manne

Fanya haya siku ya pili.

Jaribio la kunakili. Fungua PDF, chagua yote kwa Ctrl na A, nakili, bandika kwenye programu ya maandishi matupu. Soma kila mstari. CV iliyojengwa vibaya hutoka hivi:

*Msanifu Michoro 2019 Photo Simu Nilibuni nembo na 2021 shop ya kampuni Illustra tor*

Hizo ni safu mbili zilizosomwa kwa mlalo. Rudi kwenye hatua ya 6 uunganishe visanduku, kisha upange mfuatano wake. Angalia pia herufi "fi" na "fl": baadhi ya fonti huziunganisha kuwa alama moja, na "ofisi" hutoka "o si". Zima muungano wa herufi kwenye mipangilio ya fonti. Mifumo ya kuchuja haifanani, kwa hiyo jaribio hili si hakikisho, ila CV isiyolipita haina sababu ya kutumainiwa kupita kwingine.

Jaribio la simu. Fungua kwenye simu bila kukuza. Jina na kazi yako vionekane. Kuza mara moja. Safu kuu isomeke bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia.

Jaribio la nyeusi na nyeupe. Chapisha bila rangi. Mwajiri mwingine atafanya hivyohivyo kabla ya usaili. Kama kilichobebwa na rangi kimepotea, ongeza tofauti ya unene au umbo. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi ukingoni, kwa hiyo rangi inayofika mwisho wa karatasi itatoka na fremu nyeupe isiyo sawa. Ama iishie kwenye pambizo, ama upeleke kwa mchapaji, ukiacha ziada ya milimita 3 kila upande ya kukatwa.

Jaribio la macho mapya. Mpe yule mtu ambaye hajaiona CV yako, kwa sekunde 10, kisha uifiche. Muulize: ninafanya kazi gani, niko wapi sasa, umekumbuka nini? Akijibu "ilikuwa na rangi nzuri ya bluu", pambo limeshinda. Akijibu "umekaa muda mrefu kwenye kampuni ya pili, ukapanda cheo", wazo limefanya kazi yake. Usimweleze wala usijitetee. Andika anachosema ukarekebishe.

## Hatua ya 10: Toleo la pili, na kutuma

Tengeneza pia CV ya kawaida: maandishi yaleyale ya hatua ya 1, safu moja, fonti moja, bila mchoro. Mawasiliano yakae kwenye mwili wa ukurasa, si kwenye kichwa cha juu cha Word, kwa kuwa baadhi ya mifumo hupuuza eneo hilo. Ukiwa tayari na maneno, hii ni kazi ya muda mfupi.

Ukiombwa kupakia CV kwenye tovuti ya ajira, pakia ya kawaida. Ukimwandikia barua pepe mtu unayemjua kwa jina, au unaingia kwenye usaili, peleka ya kibunifu. Tovuti ikiwa na sehemu ya viambatisho vya ziada, weka zote mbili. Tarehe, vyeo na namba zifanane kabisa kati ya matoleo hayo. Mwenye kuajiri akiona Machi upande mmoja na Mei upande mwingine, ataanza kuitilia shaka CV nzima.

Chapa nakala mbili za ile ya kibunifu kwenye karatasi nzito kidogo, gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba, badala ya ile ya 80 ya kawaida. Karatasi hiyo haionyeshi maandishi upande wa pili na haijikunji kwenye bahasha. Moja ni ya kukabidhi, nyingine ubaki nayo mkononi wakati wa usaili, ili wakikuuliza kuhusu ukanda fulani uone wanachokiona.

Hifadhi faili la awali la programu pamoja na fonti zake kwenye folda moja. Ukipata kazi mpya, mstari wa miaka 8 utakuwa wa miaka 9, na milimita 160 ukigawanya kwa 9 unapata 17.8 kwa mwaka: itabidi kanda zote zichorwe upya kwa kipimo hicho, si ya mwisho peke yake.